Ekseli ya Shee na Eda ya Zuena

Jamaa zangu wa barazani, kila nikipita mwanishika kanzu: "Omari, ilikuwaje hata mkaliacha lori mlangoni mwa jela?" Nimechoka kusimulia vipande, huyu nimpe kichwa, yule nimpe mkia. Nimeamua kuandika yote mara moja. Mwandiko mtauvumilia. Shule niliiacha kabla haijaniacha, na mwalimu wangu alikuwa akisema herufi zangu ni nyayo za kuku aliyekanyaga wino. Atakayeshindwa kusoma na aje nimsomee, mradi kahawa iwe ya moto.

MALINDI, MAMBO YALIPOHARIBIKIA

Wanaomjua Shee Mbwana wanisamehe, lakini wako wasiomjua. Shee ni rafiki yangu, mtoto wa mafundi wa vyombo, hapa hapa Mji wa Kale, Mombasa. Vita vilipokwisha na jeshi likauza malori yake makuukuu, Shee alinunua moja akaenda nalo Malindi kuchukua mahindi na pamba za watu. Mimi nilikuwa taniboi wake, msaidizi wa garini. Vitani nilikuwa kikosi cha malori, nikafundishwa kufungua kila nati iliyomo garini. Siku ya kufundishwa kufunga nilikuwa naumwa homa.

Lori lile si kama mengine. Mengine husukumwa na magurudumu ya nyuma basi. Hili, ukivuta mkono mdogo ulio kando ya gia, na ya mbele nayo yashika kazi. Kwa hivyo lina ekseli za kuzungusha magurudumu nyuma na mbele, na zile za mbele zina kifundo, kama kifundo cha mguu wa mtu, ili gurudumu lipinde huku lazunguka. Kifundo hicho chataka grisi safi, tena chataka kifuko cha ngozi cha kukifunika kisiingie mchanga.

Grisi Shee hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni urithi wa babake, yaani deheni, ile chokaa iliyopondwa na mafuta ya papa wanayopaka mafundi chini ya vyombo visiliwe na wadudu wa baharini.

"Ikiwa yafaa chombo cha majini," aliniambia, "itashindwaje na cha nchi kavu?"

Nami nikaona hayo ni maneno ya mtu mwenye akili. Tukaishindilia deheni kwenye vifundo vyote viwili hata ikafura. Kwamba chokaa ni unga wa jiwe, na jiwe husaga chuma, hilo halikumpitia mtu kichwani.

Vile vifuko vya ngozi navyo vilikuwa vimechanika. Shee akaingia ndani, akatoka na leso nzito, tukaipasua tukafunga kila kifundo kwa kipande chake. Kumbe leso ile ni kisutu, ile nyekundu na nyeusi aliyofungwa Zuena mkewe siku ya harusi yake.

Zuena alipoiona chini ya lori, inanuka papa, alisema maneno. Shee akajibu. Zuena akasema basi mke ni lori, yeye ni mpangaji. Shee akapandwa na hamaki na neno la talaka likamtoka, moja, mbele yangu na mbele ya jirani aliyekuja kuomba chumvi. Zuena hakulia. Alifunga vitu vyake, akapanda basi la Mombasa, akarudi kwa babake, Maalim Nasoro, anayesomesha chuo cha Kurani Kibokoni.

Toka siku hiyo Shee akawa mtu wa kunyamaza. Akipika wali waungua, aula hivyo hivyo mweusi, wala hasemi. Mimi nilikuwa nasema kuwa ni mweusi, lakini na mimi nilikuwa naula.

Zikaingia mvua za masika, njia zikafungwa. Basi la mwisho lililowahi kufika lilileta salamu kutoka kwa shangazi yake Zuena: "Mwambieni Shee, Ijumaa hii eda yakwisha. Na kuna mtu amekwisha kumwuliza Maalim."

Kwa asiyejua: talaka ikiwa moja, mume aweza kumrejea mkewe maadamu eda yake, ule muda wa kungoja unaohesabiwa kwa siku za mwili wake, haijakwisha. Ikikwisha, huyo mume ni mpita njia kama wapita njia wengine.

Mabasi yamesimama. Chombo cha pekee cha kupita tope lile ni lori lile lile lililomfukuza Zuena. Shee aliliangalia kama mtu anayekwenda kukopa chumvi kwa jirani aliyegombana naye jana. Kisha akasema, "Omari, panda."

GEDE, AU KARIBU YA GEDE

Kwenye msitu karibu na Gede tulizama hadi tumboni. Shee akakanyaga mafuta. Huko nyuma pakalia kama mfupa wa ng'ombe uliopigwa shoka. Injini yanguruma, lori haliendi.

Ekseli ya nyuma, ya upande wa kulia, ilikuwa imekatika vipande viwili.

"Ni vibaya?" Shee akauliza.

"Ni vibaya. Lakini mbele tuna nyingine."

Nikafungua pale gurudumuni nikatoa kipande cha nje. Cha ndani nilikivua kwa waya kama mtu anayevua changu, maana kikibaki kitasaga gia. Tundu nikaliziba kwa gunzi la hindi lililovikwa kitambaa, safari hii kitambaa changu, ili mafuta yasimwagike. Kisha nikaingia chini nifungue na propela, lile bomba refu linalopeleka nguvu nyuma. Kazi hiyo ilikula mchana wote. Mvua haikatiki, na siafu walinikagua mahali ambapo hata daktari wa jeshi hakunikagua.

Niko huko chini, likanijia wazo. Kwangu mawazo ni wageni wa nadra, kwa hivyo likija sharti nilikaribishe.

"Shee, kwani lazima tufike? Sheria yakuruhusu. Sema hapa hapa, 'Nimemrejea mke wangu.' Mimi shahidi. Wa pili tutamwokota Kilifi. Eda ikitaka kuisha na iishe, wewe ushamrejea."

Nilikuwa naiona miguu yake tu, imesimama topeni.

"Siku ile nilisema peke yangu," akasema. "Yeye hakuulizwa."

"Ndivyo ilivyo."

"Sikatai. Lakini nimwache bila kumwuliza, halafu nimrejee bila kumwuliza, nami niko msituni, na mtu wa pekee anayenisikia yuko chini ya gari matako nje?"

"Hayako nje. Suruali imepasuka."

"Nitafika nimwulize. Akikataa, amekataa."

"Na Ijumaa ikitupita?"

"Wewe funga nati, Omari."

Nikamkumbusha habari za ile homa. Akaingia chini mwenyewe, tukafunga pamoja.

KILIFI NA KUKU WA MEKADZO

Tulikwenda tukivutwa na magurudumu ya mbele peke yake, kama punda anayeongozwa kwa masikio. Njia ikinyooka, salama. Ikipinda, vifundo vyaanza: ka, ka, ka. Ni ile deheni, yasaga. Ikabidi Shee apinde polepole kwa mzunguko mpana, huku mimi natoa kichwa kuwaomba watu radhi kwa mihogo yao.

Kivuko cha Kilifi kilikuwa ng'ambo, na wenye kivuko walikuwa wanakula. Nami nikala. Kulikuwa na mama anauza mhogo wa kuchoma na pilipili ya ndimu, nikala wangu na wa Shee, maana yeye alikuwa anatazama maji tu. Yule mama akaniuliza mwenzangu ana nini. Nikamwambia ana haraka na hana ekseli. La haraka hakuweza kutusaidia. La ekseli akasema, "Huko mbele, kabla ya kufika Takaungu, jeshi waliacha lori kama hili. Mekadzo afuga kuku ndani yake."

Tukavuka, tukamkuta. Mekadzo ni mama wa Kigiriama, mtu mzima, mwenye sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya mto. Shee kwa pupa yake hakumaliza hata salamu.

"Mama, tumekuja kwa ajili ya gari."

Mekadzo akaingia ndani, akatoka na panga, akapanda juu ya boneti ya lile gofu la lori akakaa.

"Mliliacha wenyewe," akasema. "Kuku wangu wamezaliwa humu, na mama zao wamezaliwa humu. Nendeni mkamwambie bwana mkubwa wenu, Mekadzo amekataa."

Ameiona suruali yangu ya jeshi, adhani tumetumwa na serikali. Nikamgeuzia mgongo nikamwonyesha ilivyopasuka.

"Mama, serikali yaweza kutuma mtu wa namna hii?"

Akatazama vizuri, hakufanya haraka. "Hapana," akasema. "Huyo ni mtu asiye na wa kumshonea." Akashuka.

Shee akamweleza yote, na deheni, na kisutu, hakuficha kitu. Mekadzo alisikiliza kashika kiuno.

"Ulichukua leso ya harusi ya mwanamke ukaifunga gari?"

"Ndiyo, mama."

"Na aliyeachwa ni yeye, si gari?"

"Ndiyo, mama."

"Na sasa wataka kubomoa nyumba ya kuku wangu ili umrudie?"

"Ukiniruhusu."

"Chukua hicho chuma. Lakini nyumba ya kuku isianguke. Na ukifika huko kwa wakweo, usianze na habari za gari."

Tukaliegemeza lile gofu kwa gogo la mnazi. Nikafungua, nikavuta ekseli, ikatoka nzima, inang'aa mafuta. Nikaibeba begani kama bwana harusi mwenye upanga. Tulipoitia kwenye lori letu ikabaki nje shubiri nzima.

Ekseli za lori lile hazilingani. Ile gia kubwa ya nyuma haikukaa katikati, imesogea upande, kwa hivyo ya kulia ni fupi na ya kushoto ni ndefu.

"Si nilikwambia ya kulia?" Shee akasema.

"Hii ni ya kulia."

"Kulia kwa nani?"

Nikafikiri. Nilikuwa nimesimama mbele ya lile gofu, lanitazama nalitazama, kama watu wanaosalimiana. Kulia kwangu ni kushoto kwake. Nikairudisha.

Upande wa pili, pale pale chini ya gurudumu, kuku mwekundu alikuwa ameatamia. Nikanyosha mkono nimsogeze. Mekadzo akanipiga mkono kwa mwiko.

"Huyo haondolewi. Ataondoka mwenyewe akitaka kwenda kula."

"Atataka lini?"

"Atakapotaka."

Basi tukakaa kumngoja kuku. Mekadzo akatuletea sima na mchunga, mboga chungu, ukiimeza yakuuliza umekosa nini duniani. Shee kwa mara ya kwanza akala, na macho yake yako kwa kuku. Kuku naye anamtazama. Tulikaa hata kivuli kikageuka upande. Mwishowe Shee akacheka kidogo, peke yake.

"Hata kuku yuwangojwa," akasema.

Kuku akainuka, akajinyosha mguu mmoja, akajinyosha wa pili, akaenda zake. Ekseli fupi ikaingia kwetu sawasawa. Propela tukairudisha mahali pake, mbele tukapumzisha, Mekadzo akatupungia kwa lile panga.

MTWAPA

Ijumaa ilitukuta Mtwapa, asubuhi, usiku wa mwisho tumelala tumekaa. Kivuko cha Mtwapa mwakijua, huvutwa kwa mnyororo na watu waimbao. Kiongozi wao akaniuliza habari za safari. Mimi mdomo wangu hauna mlango. Hatujafika nusu ya maji, Shee amekwisha kuwa wimbo: mwenye kuacha mke na avute, mwenye kurejea mke na avute zaidi. Watu wakanogewa hapo, wanazunguka na kibwagizo, kivuko hakiendi.

Nilidhani Shee atakasirika. Akavua viatu, akashika mnyororo, akavuta nao. Hapo ndipo kiatu chake kimoja kilipoingia majini. Na kivuko kikaenda.

KUTOKA DARAJA LA NYALI HADI MLANGO WA JELA

Juu ya daraja la Nyali, linaelea na lori linayumba, nikasikia tena: ka, ka, ka. Nikashangaa, maana magurudumu ya mbele hatukuyapa kazi. Lakini ekseli ya mbele hata usipoipa nguvu, gurudumu laizungusha. Kifundo kilichokwisha kuliwa na chokaa chaendelea kuliwa tu.

"Kitafika?" Shee akauliza.

"Ukienda moja kwa moja kitafika."

Bahati mbaya Mombasa si moja kwa moja. Tukapita Buxton salama, tukapita Makadara kwa kubembeleza. Pale Ngome ya Yesu Shee akapinda kushoto, na kifundo kikavunjika. Vipande vikajibana mle ndani na magurudumu yakakwama yakitazama kushoto. Usukani haurudi. Shee akitia gia tunazunguka. Tulizunguka pale mbele ya Ngome kama ng'ombe wa kinu, watoto wanatushangilia, hata lori likaenda kusimama lenyewe kwenye mlango mkubwa. Na mlango huo ndio wa jela, maana Ngome ndiyo jela ya serikali.

Askari akatoka na bunduki.

"Mmemfuata nani?"

"Mke wangu," Shee akasema.

"Yuko ndani?"

"Yuko Kibokoni."

"Sasa mbona umesimama hapa?"

"Gari limekataa kwenda kulia."

Askari akanigeukia mimi, akazitazama nguo zangu toka juu hata chini, akaniuliza kama natoka au naingia.

Hapo ndipo ilipotupita sala ya Ijumaa, tukiwa tunajieleza. Akaja mkubwa wao, akainama chini ya lori, akaona vipande vya chuma na vitambaa vyekundu vilivyolowa mafuta ya papa, akafunika pua. Akasema tuondoke sisi, lori libaki, maana hakuna mwizi atakayelitaka.

KIBOKONI

Tulipita njiani watu wanatoka misikitini, wametakata, wananukia udi. Shee ana kiatu kimoja. Mimi natembea mgongo nimeugeuzia kuta.

Maalim Nasoro alikuwa barazani kwake na tasbihi mkononi. Shee akatoa salamu, akambusu mkono. Maalim akaitikia, akaukunjua mkono wake, akautazama ulivyoingia weusi, akaurudisha mapajani.

"Umefika, Shee."

"Nimefika, Maalim. Ekseli ya nyuma ilikatika Gede, ya kulia, ile fupi..."

Nikamfinya.

Akaiacha ekseli. "Maalim, nimekuja kumwuliza Zuena kama ataridhia nimrejee. Akikataa nitaondoka."

"Kumwuliza? Sheria haikukulazimisha kumwuliza."

"Najua, Maalim."

Maalim alimtazama sana. Mimi nilisoma kwake nikiwa mdogo, nikatoroka, kwa hivyo macho hayo nayajua. Lakini siku hiyo hayakuwa yale.

"Leo ni Ijumaa," akasema. "Eda imekwisha au imebaki, hilo si langu wala si la kadhi. Ajuaye ni mwenye mwili wake, na neno lake ndilo neno." Akageukia pazia la mlango wa ndani. "Zuena, mwanangu, umesikia. Eda yako imekwisha?"

Huko ndani mtu alikuwa anatwanga. Mchi ukasimama. Njiani muuza kahawa alikuwa anapita anagonga vikombe vyake, nikatamani nimwambie anyamaze.

"Imekwisha, baba."

Kama ilikwisha kweli au ilikuwa bado na saa zake, mimi sijui, na nyinyi msiniulize. Nilichokiona ni Shee. Alisema "Alhamdulillahi" kwa sauti ya mtu aliyeonyeshwa kaburi, akainama kutafuta viatu vyake, akakumbuka ana kimoja, akakivaa hicho.

"Nisamehe, Maalim. Nimechelewa. Mwambie..." Akafikiri. "Hapana. Usimwambie kitu."

Ameshashuka barazani sauti ikatoka tena nyuma ya pazia.

"Baba, huyo mgeni haki ya kurejea hana tena. Kuposa kama watu pia hawezi?"

Maalim akakohoa. "Mwanangu, kuna mtu ameshaniuliza."

"Amekuuliza wewe, baba. Mimi sijaulizwa na mtu isipokuwa huyu."

Shee kasimama njiani, mguu mmoja na kiatu, mmoja hauna, hajui aende au arudi. Maalim naye akajifuta uso kwa kiganja, akasahau kuwa kiganja ndicho kile, akabaki na mstari mweusi shavuni. Hakuna aliyethubutu kumwambia.

"Mposaji hasemi mwenyewe," akasema. "Mshenga wake nani?"

Wote wawili wakanitazama mimi.

Jamaa zangu, washenga mwawajua: wazee wa kilemba, wenye bakora na maneno ya kupanga. Mimi nilikaa kwenye ukingo wa baraza, mpasuko wa suruali nimeuelekeza ukutani, siafu mmoja wa Gede bado anatembea shingoni. Nikatafuta maneno yote niliyowahi kuyasikia kwenye posa za watu, yakanikimbia kama nilivyokimbia mimi chuo.

"Maalim," nikasema, "tumekuja kwenu kutaka ujamaa. Mkitukubali sisi ni wenu, na mkitukataa sisi ni wenu. Mwenzangu huyu si mtu wa maneno mengi, na yale machache aliyowahi kuyasema ameyajutia. Na lori tutaliondoa jelani."

"Basi?" Maalim akauliza.

"Basi, Maalim. Ndiyo yote niliyonayo."

Akatingisha kichwa. "Jawabu la posa halitoki siku moja, hata wewe uliyetoroka chuo wajua hilo. Tutashauriana. Rudini Jumapili."

Nyuma ya pazia wakanong'ona, si mtu mmoja. Kisha Zuena akasema, "Jumapili. Lakini waje wameoga, wote wawili."

Wanawake wakacheka huko ndani, na katika vicheko vile kimoja Shee alikuwa anakijua. Alisimama akisikiliza mpaka kikaisha. Kisha akanishika mkono, akanivuta kando, akaniuliza polepole kama kwetu kuna sabuni.